Kidole Kilichobaki Hakitaki Baridi

Mimi naitwa Odeta, fundi cherehani, natoka Giteranyi huko Muyinga. Kine wetu, huyu mtaalamu wa mazoezi anayetukunja vidole mpaka tunamchukia, ameniomba niseme nanyi mliofungwa bandeji mikononi hapa hospitali ya Gitega. Ameniambia, "Odeta, uwape moyo." Nimemjibu kwamba nitasema yaliyonipata, moyo kila mtu atajitafutia. Amecheka. Alidhani natania.

Nimesikia shuhuda nyingi na nyingine nimezitoa mwenyewe. Mtu anasimama, anasema aliumwa, akaomba, akapona, watu wanapiga makofi. Mimi sikupona hivyo. Mkono wangu wa kushoto mnauona. Una vidole vinne, na kimoja katika hivyo vinne kimevaa soksi. Ngoja nianze mwanzo.

Wazazi wangu walikimbia vita nikiwa mgongoni. Nimekulia kambini, Kigoma. Mama alifariki mapema, baba hakukaa sana baada yake, na aliyenilea ni Shangazi Venansia, dada wa baba. Alikuwa na mtoto wake mmoja wa kiume, lakini chakula kikipungua mimi nilikula kwanza. Ndiye aliyenipeleka kwa mwanamke mmoja pale kambini aliyekuwa na cherehani, akamwambia, "Mfundishe huyu, ana mikono." Nilikuwa na miaka kumi na mbili.

Tuliporudi Burundi nikafungua kibaraza changu pale senta ya Giteranyi. Mwanzoni walituita Watanzania, wakasema tunaongea kwa maringo. Walipoona mishono yangu wakaacha kelele. Nilishona sare za shule, magauni ya kwaya, nguo za wasimamizi wa harusi. Watu walivuka mpaka na baiskeli kuja kupimwa kwangu. Mume wangu naye alivuka mpaka, yeye kwenda kutafuta kibarua, akapata na mke huko huko. Sina neno naye. Nilibaki na watoto wangu wawili na Shangazi, na wote wanne tulikula cherehani.

Wengi wanadhani fundi anashona kwa mkono wa kulia. Siyo. Kulia kunazungusha gurudumu, mguu unakanyaga, lakini anayeongoza kitambaa ni kushoto. Kidole cha shahada na kidole cha kati ndivyo vinavyosukuma kitambaa chini ya sindano, na vinajua pindo limekunjika kabla jicho halijaona. Mimi nilikuwa nashona huku nagombana na mteja, sikiangalii hata kitambaa. Kwa hiyo mtu akiniuliza niliogopa nini siku ile, namwambia sikuogopa kufa. Niliogopa cherehani.

Ulikuwa mwezi wa saba, kiangazi, asubuhi yenye baridi na vumbi. Nilikuwa na nguo za harusi za kumaliza siku hiyo hiyo, vitambaa nimevifua vimeanikwa kwenye kamba. Shangazi akasema ng'ombe analia njaa. Nikamwambia, "Niachie panga, wewe unachelewa." Mdomo wangu ndivyo ulivyo. Nikaweka fungu la majani kwenye gogo, nikalishika kwa kushoto, nikaanza kukata. Panga nilikuwa nimelinoa mwenyewe jana yake. Mnajua wenyewe kazi hiyo: mkono mmoja unarudi nyuma kidogo kidogo, mwingine unashuka, hauangalii, unakwenda kwa mazoea.

Mbuzi wa jirani akaingia uani, akaanza kuvuta kitambaa cha harusi kwenye kamba. Nikainua kichwa, nikampigia kelele. Mkono wa kulia haukujua kwamba wa kushoto umesimama, ukashuka.

Sikusikia maumivu. Nilisikia sauti tu, kama ya kukata muwa. Nilipoangalia chini, kidole cha shahada hakipo. Cha kati kilikuwa kinaning'inia kwa ngozi ya upande mmoja, mfupa unaonekana mweupe kabisa. Damu ilikuja baadaye, na ilipokuja haikuwa na mchezo. Nilipiga yowe. Shangazi alinifunga mkono kwa kitenge chake alichokuwa amejifunga, akabaki na gauni la ndani mbele za watu, hakujali. Kisha akapiga magoti kwenye yale majani, akayachambua moja moja kama mtu anayechagua mawe kwenye maharage, mpaka akakipata kidole changu. Hilo sitalisahau, na leo nalisema kwa sababu kuna mengine nitayasema juu yake.

Zahanati ya senta ilikuwa na muuguzi mmoja kijana. Mungu ambariki. Hakukitupa. Alikifunga kwa kitambaa safi chenye unyevu, akakitia ndani ya glavu ya mpira, akaifunga fundo, akasema, "Sasa kikae kwenye baridi, lakini kisiguse maji." Barafu ataitoa wapi Giteranyi? Akaitwa Salvatori mwenye baa, akaja na ndoo.

"Barafu haiko," alisema, "lakini bia iko baridi sana, zimelala mu frigo tangu juzi."

Basi kidole changu kilisafiri kwenye ndoo, katikati ya chupa za bia, kimefunikwa kitambaa. Mnaweza kucheka, hata mimi nilicheka baadaye. Salvatori alinibeba kwenye pikipiki yake mpaka Muyinga mjini, Shangazi nyuma yangu ameshika ndoo, tumebanana watatu. Pale Muyinga daktari alifungua kitambaa, akaangalia, akafunga tena haraka.

"Mama, hapa nitashona ngozi tu, na vidole vimeenda," alisema. "Gitega iko daktari wa mikono siku hizi. Kimbia. Usingoje."

Kukimbia na nini, na mafuta ya gari hayapo? Tulizunguka teksi tano. Ya sita dereva alikuwa na dumu lake amelificha, akaona damu, akasema, "Ingieni tu, quand même, nitafanyaje." Tulifika Gitega alasiri. Nilikuwa natetemeka na mdomo umekauka.

Daktari huyo wengi wenu mnamjua, yule mpole mwenye miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Aliniuliza kazi yangu. Nikamwambia. Akaangalia mkono kwa muda mrefu, akasema, "Basi tuko kazi moja. Nitajaribu vyote viwili, lakini sikuahidi." Wakanichoma sindano ya usingizi. Niliambiwa baadaye kwamba mfupa waliushika kwa vyuma vyembamba, wakaunga kano, halafu mishipa ya damu, kwa uzi ambao hata mimi fundi nisingeuona. Nilipoamka vidole vyangu vilikuwa vitano. Vimevimba, vina rangi ya nyama mbichi, lakini vitano. Nililia mpaka muuguzi akanikemea kwamba nitapandisha presha.

Asubuhi Daktari akaja, akakaa kwenye kitanda, Shangazi amesimama pembeni.

"Sikilizeni wote wawili," alisema. "Wiki tatu hizi ndizo zenyewe. Mishipa niliyounga ni midogo, ikijifunga tu kidole kinakufa. Kwa hiyo mkono ukae juu ya mto, usipate baridi hata kidogo. Kahawa hapana. Sigara hapana. Tumbaku ya aina yoyote hapana. Mmenisikia?"

"Ego, muganga," alisema Shangazi, akiitikia kwa kichwa. "Ego, ego."

Mimi nikasema sijawahi kuvuta sigara maishani, na ni kweli.

Siku nne zilienda vizuri. Muuguzi alikuja kila baada ya muda, akibonyeza ncha ya kidole, rangi inakimbia, inarudi, anaandika. Kidole cha shahada kilikuwa na damu nyingi isiyopata njia ya kutoka, kwa hiyo waling'oa ukucha wake na kukitoboa ili kitiririke kidogo kidogo. Shuka langu lilikuwa na madoa kila siku. Maumivu yalikuwa ya kupiga, yanafuata moyo, du, du, du, bila kupumzika. Na Gitega mwezi wa saba mnaijua. Asubuhi madirisha yanatoa maji. Shangazi alikuwa anajaza maji ya moto kwenye dumu dogo, analifunga kitenge, ananiwekea miguuni.

Sasa nije kwenye tumbaku.

Shangazi anatumia tumbaku ya pua tangu kabla sijazaliwa. Ninyi wa vijijini mmeiona kwa bibi zenu. Anapanda mwenyewe miche michache nyuma ya jiko, anakausha majani, anayasagasaga, anayaloweka kwa maji kwenye kibuyu kidogo. Asubuhi anamimina kiganjani, anavuta puani, anabana pua kwa kijiti kilichopasuliwa, anatulia macho yanatoka machozi. Akiachia anakuwa mtu mpya. Kwake hiyo ni dawa. Dawa ya kichwa, ya mafua, ya baridi. Nilipokuwa mtoto kule kambini nikiumwa kichwa, alinidondoshea tone moja, na nilikuwa napona au nadhani napona.

Siku ya tano asubuhi nilikuwa nalia kwa maumivu. Shangazi akatoa kibuyu kwenye kikapu.

"Vuta kidogo, mwanangu. Kichwa itafunguka, na baridi itatoka."

Nikamwambia, "Daktari amekataza tumbaku, Shangazi."

"Amekataza ile ya dukani," alisema. "Ile ya makaratasi. Hii si nimelima mwenyewe nyuma ya jiko? Hii ni dawa. Mi ningekupa kitu kibaya?"

Ningesemaje? Mwanamke aliyetafuta kidole changu kwenye majani akiwa na nguo ya ndani tu! Na nikubali ukweli, nilitaka. Nilikuwa tayari kunywa hata mafuta ya taa kama maumivu yangepungua. Nikavuta. Kichwa kikawa chepesi, nikalala. Kesho yake tena. Siku iliyofuata tena, na safari hiyo mimi ndiye niliyekiomba kibuyu.

Siku hiyo ya tatu ya kibuyu, kabla ya saa sita mchana, muuguzi alibonyeza kidole cha shahada na rangi haikurudi. Kilikuwa cheupe kama mshumaa. Akakitoboa, damu haikutoka. Akatoka mbio. Daktari akaja na viatu vya chumba cha upasuaji, akainama juu ya mkono wangu, na alipoinama akabaki hivyo hivyo, akavuta hewa.

"Kuna harufu ya tumbaku hapa," alisema.

Akaniangalia mimi. Halafu akamwangalia Shangazi, aliyekuwa ameshika bakuli la uji wangu, anatabasamu kwa woga kama mtu asiyejua ameulizwa nini. Chumba kilikuwa na wanawake wanane na wauguzaji wao, wote masikio yamesimama. Nikasema na moyo wangu: nikitamka, huyu mama ataitwa aliyeua kidole cha mtoto wake, na habari itafika Giteranyi kabla yetu.

"Hapana, Daktari," nilisema. "Labda ni mgeni aliyepita."

Daktari hakuniuliza mara ya pili. Wakanirudisha kwenye upasuaji, wakafungua tena, wakatafuta damu iliyoganda, wakaunga upya. Nilirudi kitandani jioni. Na Shangazi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kitu, alinisogelea na kibuyu mkononi, ananihurumia. Nikageuza uso ukutani. Akadhani nimechoka.

Kidole hakikurudi. Kiligeuka bluu, halafu cheusi, halafu kikakauka, kina harufu ambayo mtu anayeletewa chakula hataki kuisikia. Siku ya kumi na tisa walikiondoa. Cha kati kiliponea chupuchupu, nadhani ni kwa sababu ile ngozi iliyokuwa imekishikilia ilibaki na mshipa wake wa zamani. Daktari alikuwa na huzuni. Alisema wakati mwingine kazi inakataa bila sababu, tusijilaumu. Shangazi alimshika mkono, akamshukuru, akalia. Mimi nilikaa na ulimi wangu mdomoni kama jiwe.

Nilishamwuliza kine huyu, baadaye sana: je, ni tumbaku? Akasema tumbaku inafunga mishipa, inawezekana kabisa, lakini hata wasiovuta wanapoteza vidole. Kwa hiyo sijui, na sitajua hata nikifa. Ningekuwa na uhakika ningelia nikamaliza.

Nikarudi Giteranyi na kidole cha kati kigumu kama kijiti. Mazoezi nilifanya, machozi yanatoka, kikaanza kukunja kidogo. Nikasema sawa, nitakifundisha kazi ya mwenzake. Nilishona kitambaa changu cha kwanza, mfuko wa mto, mshono umepinda kama njia ya ng'ombe, lakini nilishona. Nikafurahi. Kumbe kiangazi kilikuwa hakijaja.

Daktari alikuwa amenionya. Aliniambia mishipa iliyokatwa ikipata baridi inajifunga, na tofauti na ya mtu mwingine haifunguki upesi. Miaka miwili ya kwanza ndiyo mibaya, alisema, halafu wengine hupata nafuu na wengine hubaki nayo. Nilisikia, lakini mtu aliyetoka kukatwa kidole unamwambia habari ya baridi, atajali?

Asubuhi ya kwanza ya baridi nilishika mkasi. Mkasi ni chuma, na chuma kinalala na baridi. Kidole kikawa cheupe kuanzia kwenye kovu mpaka ncha, kimekatika rangi kwa mstari. Halafu ganzi. Halafu bluu. Baada ya hapo, kinapoanza kupata joto, ndipo maumivu yanapokuja, kama umebanwa na mlango na aliyeufunga ameondoka. Robo saa, nusu saa, mimi nimekaa, mteja amesimama. Maji ya kufulia, hivyo hivyo. Chupa ya soda, hivyo hivyo. Mtu aliyetoka shambani na mikono yake ya umande akinisalimia, na sisi hapa salamu hatuachii mapema, mimi nauma meno.

Siku moja nilikuwa na haraka, nikaegesha kidole kwenye pasi ya mkaa ili kipate joto. Niliendelea kuongea na mteja. Harufu ndiyo iliyoniambia, si kidole. Kiliungua mpaka ngozi ikabaki kwenye pasi, na sikusikia. Kidonda kile kilichukua miezi miwili.

Nikajishonea soksi ya kidole kwa kipande cha blanketi. Hapo maneno yakaanza. "Odeta anavaa soksi mkononi kama mtoto mchanga." Wengine walisema nimeshonewa kidole cha maiti huko Gitega, ndiyo maana ni cha baridi, na hawataki kishike nguo zao za harusi. Mama niliyemshonea tangu ubatizo wa mtoto wake wa kwanza alichukua kitambaa chake mezani, akasema, "Bon, nitarudi," na nikamwona anaingia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Kanisani nako walinisimamisha mara tatu kutoa ushuhuda. "Inua mkono dada, watu waone Mungu alichofanya!" Nikainua. Wakapiga makofi. Asubuhi ilikuwa ya baridi, kidole kinaniuma huko juu, nacheka. Hakuna aliyeniuliza kama kinauma. Mara ya nne niliwaambia tafuteni mwingine.

Na kila asubuhi, nyumbani, Shangazi na kibuyu chake. Miaka miwili nilimwangalia anavuta, anabana pua, anafuta machozi, nami natengeneza uji kimya. Nilikuwa nimeweka chuki mahali, naitunza. Alikuwa ananiuliza, "Mwanangu, we unadhani kwa nini kile kidole kilikataa?" Nilimjibu, "Mungu anajua, Shangazi." Yeye alikuwa amefunga na kusali kwa ajili hiyo.

Mwezi wa saba mwingine ukaja. Nilikuwa kibarazani na wateja watatu, kidole kimekuwa cheupe, nimekiweka kwapani, nangoja. Shangazi akaja kutoka nyumbani, ameshika kibuyu.

"Chukua tone moja tu, mwanangu," alisema mbele yao. "Kidole iko nyeupe kama ya mfu. Hii itaamsha damu."

Sikujua kwamba nitasimama. Nilisimama.

"Ni hiyo iliyokiua cha kwanza!" nilimwambia. "Ni hiyo! Daktari alikataza, wewe ukaniletea, ukanivutisha, kikafa! Sasa unataka na hiki?"

Wateja wakashika midomo. Kibuyu kilikuwa bado kimenyoshwa kuelekea kwangu.

"Ni mimi?" aliuliza.

"Ni wewe."

"Na we ulijua siku ile? Pale Gitega?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza." Akahesabu kichwani, nikamwona anahesabu. "Jioni ile nilikuletea tena. Ukanyamaza. Miaka miwili naomba Mungu anionyeshe kosa la kidole hicho, na jibu iko kwako, unapika nayo uji. Yampayinka, jamani, Odeta. Ningeacha siku ile ile. Siku ile ile, mbele ya muganga, ningevunja hiki kibuyu."

Nilikuwa na maneno mengi, nimeyapanga miaka miwili. Nikamgeukia mteja, nikashika utepe wa kupimia.

Nilipofika nyumbani mchana, miche yote ya tumbaku nyuma ya jiko ilikuwa imeng'olewa, mizizi juu, imelazwa kwa mstari. Hakula. Siku ya pili alifunga kikapu chake akaenda kwa mwanawe, Ryansoro, upande huu wa Gitega. Watoto walimsindikiza barabarani. Mimi nilikuwa ndani, nakanyaga cherehani bila uzi, ili asikie kwamba niko kazini.

Mwaka sasa umepita. Nimesikia kwamba kichwa kinamsumbua, na hajaigusa tena tumbaku.

Hivyo ndivyo nilivyopona. Ninashona. Gauni lililokuwa la siku moja sasa ni la siku nne, tano wakati wa kiangazi. Wateja wengine wamerudi. Mnaotaka ushauri, huu hapa, si mzuri kusikia lakini ni wa kweli. Vaeni mwili mzima, kofia, soksi, sweta, kwa sababu mwili ukiwa na baridi kidole hakisaidiki hata ukikifunga blanketi kumi. Maji yawe ya uvuguvugu, na yapimeni kwa mkono ule mzima, ule ulioshonwa utawadanganya. Msiguse chuma asubuhi. Pasi msiisogelee. Mkiambiwa tumbaku hapana, ni hapana, ya dukani, ya shambani, ya bibi. Na Daktari akiwauliza kitu, mwambieni, hata kama aliyekosea ni mama yako na yuko pale pale amekushikia uji. Mimi nilidanganya ili Shangazi asiaibike mbele ya wanawake wanane. Kidole kikaenda. Halafu nikamwaibisha mwenyewe, kibarazani, mbele ya watu wanaomjua.

Namshukuru Daktari. Namshukuru yule muuguzi wa glavu, na Salvatori, na dereva mwenye dumu. Namshukuru Mungu kwa kidole kimoja, nikiwa nimenuna, naye anajua. Aliyebaki kushukuriwa hayupo hapa.

Nikimaliza mazoezi na kine leo, nitapanda pikipiki niende Ryansoro, si mbali. Nimemshonea Shangazi gauni, zito, la mikono mirefu, maana huko milimani kuna baridi. Nimejua tangu asubuhi kwamba ninaposema nanyi hapa najizoeza. Kwenu nimeweza, kwa sababu siwajui. Kwake nimejaribu njia nzima kutoka Muyinga kutafuta neno la kwanza, na mpaka sasa hivi sina.